Mchanga huu umetoka wapi? Jinsi ya kuupima mwenyewe kwa siki, sumaku na chujio la chai

Nina vichupa kumi na tisa vya mchanga kwenye kabati la sebuleni, na masika ya mwaka juzi vyote vilipoteza majina kwa usiku mmoja. Lebo nilikuwa nimeziandika kwa peni ya wino. Bati likavuja, maji yakashuka ukutani hadi ndani ya kabati, na asubuhi kila lebo ilikuwa doa la bluu. Mke wangu alinipa ushauri wa bure: nivimwage uani, kwani mchanga ni mchanga. Badala yake nilikaa navyo mezani siku tatu, mimi na siki, sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu, chujio la chai na simu. Jioni ya siku ya tatu vichupa kumi na saba vilikuwa vimerudishiwa majina yake.

Haya ndiyo niliyofanya, ila hapa yamepangwa vizuri kuliko nilivyoyafanya. Yatamfaa mwalimu anayetaka somo la vitendo lisilo na gharama, mzazi mwenye watoto likizoni pwani, na yeyote aliyerudi safari na mchanga ndani ya viatu akajiuliza kwa nini wa Paje si kama wa Malindi.

Kabla ya kuanza, jambo moja: usiuamini mchanga kwa rangi. Siku nzima ya kwanza niliipoteza nikivipanga vichupa kutoka mweupe hadi mweusi, nikaishia kuweka pamoja vitu visivyo na undugu wowote. Mchanga mweupe wa Paje, Unguja, ni vipande vya matumbawe na makombe. Mchanga mweupe wa Siesta Key, Florida, karibu wote ni kwatzi, jiwe gumu linalong'aa kama kioo, lililomomonyoka milimani. Na jangwa jeupe la White Sands, New Mexico, ni jasi, jiwe lile lile linalochimbwa Makanya, wilayani Same. Weka vitatu hivyo kwenye sahani moja, jicho litaapa ni ndugu wa tumbo moja. Siki itamtenga wa Paje kabla hujamaliza kuvuta pumzi, na ukucha utamtambua wa jasi.

Vifaa

Siki nyeupe ya jikoni, ile iliyoandikwa asilimia 5 kwenye chupa, ukiikosa, ndimu. Sumaku. Kioo cha kukuzia, au simu. Karatasi nyeupe na nyingine nyeusi, rula ya milimita, chujio la chai, kipande cha chandarua chakavu (chakavu, tafadhali, si kile cha kitandani), glasi mbili tatu. Ukiwa na mizani ya jikoni, vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Uchukue mahali panapoeleweka

Hapa ndipo wengi huharibu. Ufukwe mmoja una mchanga wa aina tatu nne, kutegemea umesimama wapi. Kwenye mstari wa mwani, pale maji ya bamvua yalipoishia, utaokota makombe, vijiti na kila kilicho chepesi. Mbali chini, maji yakipwa, mara nyingi mchanga ni laini na umechanganyika na tope. Juu kabisa, chini ya minazi, upepo umeshajichagulia punje ndogo na kuzirundika. Ukilinganisha mchanga wa minazini kule Jambiani, Unguja, na ule wa maji kupwa wa Bagamoyo, hujalinganisha Jambiani na Bagamoyo. Umelinganisha upepo na maji.

Mimi huchukua katikati, pale wimbi linapofika na kurudi, mchanga ukiwa umelowa na mgumu chini ya wayo. Nafuta sentimita mbili za juu kwa kiganja, nachota vijiko vitano vya chakula, basi. Kila ufukwe, mahali pale pale.

Andika na mwezi. Mawimbi ya kusi hayausukumi mchanga upande ule ule yanakousukumia mawimbi ya kaskazi, na ufukwe uliouacha mpana Februari unaweza kuukuta Julai umeliwa, au umeongezewa ambapo hapakuwa na kitu. Kuna sehemu bahari inakula bila kurudisha. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni mfano unaotajwa miaka mingi, na moja ya sababu zinazotajwa ni kuchimba mchanga kwenye vijito ambavyo ndivyo vingeulisha ufukwe ule.

Mahali pawe halali pia. Ndani ya hifadhi ya bahari au ya taifa usichukue hata kiganja. Pima palepale, piga picha, rudisha. Nje ya nchi uliza kabla hujachota: kisiwani Sardinia, Italia, tangu 2017 mtalii akikutwa na mchanga kwenye begi anapigwa faini ya kati ya euro 500 na 3,000. Vijiko vitano vya ufukwe wa kawaida havitamdhuru mtu, ila lori ni habari nyingine, na huko Unguja mchanga wa ujenzi una vibali vyake.

Tia kwenye kichupa cha dawa kilichooshwa. Jina, tarehe na mahali viandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi, na kikaratasi kiingie ndani ya kichupa pamoja na mchanga. Penseli haichujuki. Hilo nimeshalilipia ada.

Hatua ya 2: Osha, kausha

Mimina maji safi, koroga, mwaga. Rudia mara tatu au nne mpaka maji yawe angavu. Yale maji ya kwanza usiyatupe. Yaweke kwenye kifuniko cheusi cha sufuria juani. Yakikauka yakaacha ukoko mweupe wenye ladha ya chumvi, mchanga ni wa bahari. Yasipoacha kitu, ni wa mto, ziwa au nchi kavu. Yapo majangwa yanayoivuruga kanuni hii, kama Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ambako ziwa la kale lilikauka likaacha chumvi chini.

Kausha juani juu ya gazeti, mbali na upepo na kuku. Siku ile kuku wa jirani waliingia uani, wakaipita sahani ya mchanga wa mto, wakajaa kwenye ya Paje na kudonoa kwa bidii. Niliwafukuza kabla sijaelewa. Kuku anayetaga anatafuta chokaa ya kutengenezea ganda la yai, na wale wawili walikuwa wameshanipa jibu la hatua ya nne.

Hatua ya 3: Uangalie kwa karibu

Nyunyiza punje chache, nusu kwenye karatasi nyeupe, nusu kwenye nyeusi, rula ikiwa pembeni. Kwa wanajiolojia, neno mchanga halisemi ni jiwe gani. Linasema ukubwa: punje za kuanzia milimita 0.063 hadi 2. Zilizozidi hapo ni changarawe, zilizopungua ni tope. Kwa hiyo chochote kinaweza kuwa mchanga kikipondeka kiasi hicho: jiwe, kombe, chupa ya bia.

Kama huna kioo cha kukuzia, dondosha tone dogo la maji safi juu ya lenzi ya simu, ugeuze polepole tone lining'inie, kisha sogea hadi sentimita moja au mbili kutoka kwenye mchanga. Tone ni lenzi. Ukitaka inayodumu, toa kile kijilenzi cha ndani ya deki mbovu ya DVD ukibandike juu ya kamera.

Sasa tazama. Punje angavu kama vipande vya glasi, au za rangi ya maji ya mchele, hizo ni kwatzi. Vibamba vyembamba vinavyometameta ukiinamisha karatasi ni ulanga. Vipunje vyekundu kama mbegu za komamanga ni ganeti. Vyeupe visivyopitisha mwanga, vingine vina vitundu, vingine vimejipinda kama konokono asiyeonekana kwa macho, hivyo vilikuwa viumbe: matumbawe, makombe, miiba ya urumba iliyovunjika. Ukikuta kiduara kilichogawanyika vyumba vyumba, umepata foraminifera, kiumbe wa seli moja aliyejijengea nyumba ya chokaa. Nilipokiona cha kwanza nilimwita mke wangu aje atazame, yeye wa mchanga ni mchanga. Alikaa na simu yangu nusu saa.

Angalia na pembe za punje. Punje yenye kona kali haijasafiri sana. Kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, kwenye yale majabali ya graniti, mchanga unaweza kuuokota hatua chache kutoka kwenye mwamba uliouzaa: mkubwa, wa kukwaruza, una rangi ya waridi ndani yake. Punje iliyosafiri na mto na kusuguliwa na mawimbi kona zake zimelainika. Ya jangwani imezidi hapo. Upepo huzirusha punje zikagongana bila maji ya kupunguza kishindo katikati yao, kwa hiyo huwa duara zaidi, na uso wake haung'ai. Umefifia kama kioo cha dirisha la bafuni.

Hatua ya 4: Siki

Robo kijiko cha chai cha mchanga mkavu kwenye glasi, siki ya vidole viwili, kisha weka sikio karibu. Mchanga wa Paje utachacharika kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na povu litapanda. Mchanga wa kwatzi hautasema kitu.

Sababu ni kwamba matumbawe na makombe ni kaboneti ya kalsiamu, kitu kile kile ambacho mababu walikichoma kwenye tanuu kupata chokaa ya kujengea nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar. Asidi ya siki inaivunja, hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka, ndiyo hilo povu. Jasi nayo hunyamaza kwenye siki, ila haina ugumu: ukucha unaikwaruza. Ukitaka uhakika kuwa kilichonyamaza ni kwatzi, zisugue punje kati ya vipande viwili vya glasi ya zamani. Kwatzi huacha mikwaruzo. Jasi na matumbawe haviwezi.

Sasa, huo mchanga mweupe ulifikaje pwani? Unguja haina mto mkubwa wa kuuleta kutoka milimani. Sehemu yake huvunjwa na mawimbi, sehemu huachwa na mwani wa aina ya halimeda ambao mwili wake umejaa vibamba vya chokaa. Na sehemu kubwa kuliko watu wanavyodhani hutoka tumboni mwa pono. Sisi tunamjua pono kwa usingizi. Mtu akilala hasikii tunasema kalala kama pono. Mchana samaki huyu ana kazi. Meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku, anaguguna mwamba wa matumbawe ili apate mwani ulioota juu yake na ndani yake, anausaga kwa meno mengine yaliyo kooni, kisha anaachia mabaki nyuma kama wingu jeupe. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Ukilala Nungwi kwenye mchanga laini kama unga, umelalia kazi yake, na sijapata kuona hoteli inayolisema hilo kwenye tangazo.

Povu peke yake halitoshi, maana ufukwe wa kwatzi ukiwa na makombe machache yaliyovunjika nao utachemka kidogo. Kwa hiyo pima kinachobaki. Gramu moja ya chokaa hula takriban mililita 25 za siki ya asilimia 5. Pima gramu 10 za mchanga, weka kwenye mtungi wenye siki nusu lita, koroga mara kwa mara, acha siku mbili. Mwaga siki, osha, kausha, pima tena. Zilizobaki gramu 2, basi mchanga wako ulikuwa chokaa kwa asilimia 80 hivi. Mtungi usiufunge. Mimi nilifunga mmoja kwa mazoea ya kufunga vitu, na usiku wa manane kifuniko kiligonga dari, nikadhani ni mwizi.

Jaribio hili limeniumbua mara moja. Binamu aliniletea mchanga wa dhahabu kutoka Sharqiya, Oman, huko zilikotoka familia nyingi za Unguja zenye asili ya Kiarabu. Mchanga wa jangwa, nikajisemea, utakuwa kwatzi. Ukachemka. Kumbe matuta yale yako karibu na Bahari ya Arabuni, na zama za barafu, bahari iliposhuka na kuacha sakafu yake wazi, upepo ulibeba makombe yaliyosagika ukayapeleka bara. Jangwa lile lina bahari ndani yake.

Hatua ya 5: Sumaku

Ivishe sumaku kipande cha nailoni au karatasi nyembamba, vinginevyo utashinda ukiitoa punje kwa kucha. Sambaza mchanga mkavu, pitisha sumaku juu kwa umbali wa kidole kimoja. Kinachoruka kushika ni magnetaiti, madini ya chuma, punje nyeusi ndogo. Vua nailoni juu ya karatasi nyeupe na punje zote zitadondoka mahali pamoja.

Mchanga mweusi wa volkano ndio unaofurahisha hapa. Uko mmoja unaostahili safari: lile tuta linalohama karibu na Oldupai, ndani ya eneo la Ngorongoro. Ni majivu ya mlima Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu. Tuta lina umbo la mwezi mwandamo, urefu wa mita 100 hivi na kimo kinachokaribia mita 9, na upepo wa mashariki hulisogeza kuelekea magharibi zaidi ya mita 10 kwa mwaka. Vimewekwa vigingi vyenye miaka kuonyesha lilipokuwa. Rusha kiganja cha mchanga ule hewani, utaona unarudi kwenye tuta badala ya kutawanyika. Punje zake zina sumaku na hushikana. Wamaasai huliheshimu tuta hilo, kwa hiyo pima, piga picha, rudisha ulichoshika.

Volkano ziko na baharini. Ngazidja, Komoro, ni kisiwa cha mlima Karthala, na ukizunguka utaona fukwe nyeupe za matumbawe na mahali pengine mchanga mweusi wa basalti, jiwe la volkano, kisiwa kimoja. Hawaii upo ufukwe wa kijani, Papakōlea, kwa sababu mawimbi yamepeleka vilivyo vyepesi yakaacha madini mazito ya kijani, olivini.

Yaani wimbi hupeta mchanga kama mchele unavyopetwa kwenye ungo. Kwatzi ni nzito mara 2.65 kuliko maji, magnetaiti mara 5 na zaidi. Bahari ikichafuka, punje nyepesi zinarudi na maji na nzito zinabaki. Ndiyo ile michirizi myeusi unayoiona ufukweni baada ya siku za mawimbi makubwa, ambayo watu hudhani ni mafuta ya meli. Kijiko kimoja cha mchirizi huo kina madini mazito mengi kuliko vijiko kadhaa vya mchanga wa jirani yake. Upepo nao hupeta. Kule Kwale, kusini mwa Mombasa, matuta ya kale ya mchanga mwekundu yalibeba madini mazito ya ilmenaiti, rutaili na zikoni ya kutosha kuendesha mgodi tangu 2013 hadi mwishoni mwa 2024. Ilmenaiti ni nyeusi kama magnetaiti, lakini sumaku ya spika huivuta kwa uvivu au haiivuti kabisa. Kwa hiyo mweusi ukigoma kuruka, usiseme hauna madini.

Tahadhari ya nyumbani: kichupa changu cha Pangani kilitoa chuma kingi ajabu, nikaanza kuota utajiri. Nilipoweka kamera, punje zilikuwa vijipira vinavyong'aa na vinyuzi vilivyojikunja. Nilikuwa nimeukausha mchanga kibarazani, na jirani yetu huchomelea mageti.

Hatua ya 6: Uchekeche

Pitisha kikombe cha mchanga kwenye chandarua, kisha kilichopita kipitishe kwenye chujio la chai, kisha kwenye kipande cha mtandio. Panga mafungu manne kwenye karatasi. Mchanga wa mto hugawanyika mafungu yote, kwa maana mto uliojaa hauchagui. Unabeba changarawe, mchanga na tope, na vyote unavitupa maji yakipungua. Mchanga wa ufukwe wenye mawimbi hujaa fungu moja au mawili. Mchanga wa matuta ya jangwa hujaa fungu moja tu: punje kubwa upepo umeshindwa kuziinua, vumbi umelipeleka nchi nyingine.

Kwa tope, tumia chupa ya glasi. Theluthi ya mchanga, iliyobaki maji, tikisa, weka chini. Mchanga hutua ndani ya dakika. Tope hukaa juu yake kama tabaka jingine, na maji yakiwa bado machafu kesho yake, kuna udongo wa mfinyanzi ndani. Mafundi hufanya haya kwa kiganja: wanasugua, wanatupa, wanaangalia mkono umebaki na uchafu kiasi gani.

Hapa pia ndipo pa kumalizana na wekundu. Mchanga mwekundu wa jangwa la Rub al Khali, Arabuni, au wa jangwa la Namib, kusini magharibi mwa Afrika, si wa jiwe jekundu. Ni kwatzi iliyovikwa kutu ya chuma, ngozi nyembamba sana, na chini ya lenzi utaona angavu ndani na wekundu umebaki kwenye vishimo. Namib, ukitoka pwani kwenda bara, wekundu unazidi kukolea. Wingi wa mchanga ule uliletwa na mto Orange hadi baharini, ukasukumwa kaskazini na mawimbi, kisha upepo ukaurudisha nchi kavu.

Hatua ya 7: Weka majibu pamoja

Chukua Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, mfano ninaoupenda kwa sababu gari halitumii hata saa moja. Mchanga wa Malindi ni wa kahawia, una mng'aro wa vijibamba vya dhahabu, siki inauchemsha kidogo tu, sumaku inapata punje kadhaa, chupa ya maji inabaki na ukungu. Soma: kwatzi na ulanga kutoka bara, pamoja na tope, kwa hiyo kuna mto karibu. Kweli upo: Sabaki, ambao juu unaitwa Galana na juu zaidi Athi, unamwaga maji mekundu baharini kilomita chache kaskazini mwa mji. Ule mng'aro si dhahabu, ni ulanga, ingawa kila msimu hakosekani mgeni anayeinama kuokota.

Watamu, kusini kidogo, mchanga ni mweupe, siki inapiga kelele, sumaku haipati kitu, chupa inatakata haraka. Hakuna mto mkubwa, kuna miamba ya matumbawe mbele. Kipindi cha kusi tope la Sabaki husukumwa kaskazini. Kipindi cha kaskazi hushuka kusini kuelekea kwenye matumbawe ya Malindi, nayo matumbawe hayapendi tope. Mchanga wa aina moja unamwekea mipaka mwenzake.

Miguu nayo ni kipimo, ingawa sikuihesabu kama hatua. Mchanga mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ndiyo maana saa saba mchana unatembea Jambiani peku bila kurukaruka. Jaribu hivyo kwenye mchanga mweusi uone.

Kwa anayejenga

Kwa kifupi, maana wapo watakaouliza. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi inaozesha nondo ndani ya zege na kutoa ukungu mweupe kwenye plasta. Wa jangwani una punje laini mno na za ukubwa mmoja, hazishikamani vizuri, ndiyo maana nchi za Ghuba zilizozungukwa na matuta bado hununua mchanga nje. Wa mto wenye kona na ukubwa mchanganyiko ndio fundi anaoutaka, ukiwa umechekechwa na hauna tope. Kama muuzaji anakuapia ni wa mto, pima na maji ya hatua ya pili na siki ya hatua ya nne kabla lori halijamwaga.

Viwili vilivyonishinda

Kati ya vichupa vyangu, viwili vilifaulu kila jaribio kwa majibu yale yale. Vyote kwatzi ya rangi ya biskuti, punje zinazotosha tundu za chandarua, povu kidogo la makombe, sumaku inapata punje tatu nne, ukoko wa chumvi upo. Najua kimoja ni cha Coco Beach, Dar es Salaam, na kingine cha Bagamoyo, ila sijui kipi ni kipi. Vyote vimelishwa na mito inayoshuka kutoka bara, na pwani ile ile imevisugua. Nimeviweka rafu ya chini, kila kimoja na kikaratasi chake ndani, kwa penseli: "Bagamoyo au Coco".